Tangi la Uani

Siku Jigisha alipopanda juu ya nyumba yao na kuanza kung'oa mabati yaliyofunika ua, mtaa mzima ulitoka barazani kumtazama. Na mtaa wetu ukitoka, unatoka kweli. Huku Ahmedabad ya kale, ndani ya ukuta wa mji, nyumba zimeegemeana kama walevi wanaorudi harusini, lango la kuingilia ni moja, na ukipiga chafya chumbani kwako anayekuombea afya ni jirani wa nyumba ya tatu. Baraza yangu mimi, Kapila, inatazamana na mlango wao uso kwa uso. Sikuhitaji hata kusimama.

Mabati yale aliyaweka marehemu baba mkwe wake ili vumbi na njiwa visiingie uani. Kweli havikuingia, lakini na upepo nao ukaaga. Ua ndio pua ya nyumba zetu, ukiuziba nyumba inahema kwa mdomo. Wakafunga kiyoyozi chumba hiki, wakafunga na kile, na bili ya umeme ilipokuja Parimal, mume wa Jigisha, aliifungua akiwa amekaa, maana akiifungua wima alikuwa anatafuta ukuta wa kushika. Maji nayo yalikuwa na balaa lake. Ya kisima cha pampu ni mazito ya chumvi, dengu zinachemka mpaka gesi inalia na bado zinagonga meno, kwa hiyo ya kunywa na kupikia walinunua kwa madumu, na dumu likipandishwa ngazi lina bei yake na mpandishaji ana yake.

Kaka mkubwa wa Parimal anaitwa Nalin. Huyo anakaa ng'ambo ya mto Sabarmati, kwenye ghorofa jipya, juu kabisa, na kila Jumapili alikuja na wimbo uleule: nyumba hii inakula kuliko watu waliomo ndani yake, iuzwe. Mnunuzi alikuwepo tayari, bwana mmoja anayegeuza nyumba za kale kuwa hoteli za wageni. Kilichozuia ni jina, kwani nyumba ni ya mama yao, Vasumati, ambaye sote mtaani tunamwita Ba, yaani mama, hata sisi wenye wajukuu. Parimal ni kijana mwema, ila ni mtu wa kukubaliana na aliyeongea mwisho. Jigisha si mtu wa aina hiyo. Alifika hapa bibi harusi, akaipenda nyumba kabla hajampenda mume, mwenyewe aliniambia, na alimwambia Nalin kwamba shida si nyumba, shida ni wanavyoishi ndani yake.

Basi mabati yakang'oka. Akatundika madirishani mikeka ya mizizi ya khas, nyasi yenye harufu, akawa anainyunyizia maji jioni, na nyumba ikanukia kama udongo uliopata mvua. Mitungi iliyopasuka akaipanga uani, akatupia humo maganda na masalia ya jikoni, akayafunika na udongo mpaka yakawa mbolea, na baada ya muda akawa anachuma uwatu na pilipili hatua mbili kutoka jikoni. Maji ya kuoshea mchele yakawa chakula cha mimea. Kiyoyozi kimoja kikauzwa, cha pili kikavikwa gunia. Tulimcheka, nisiseme uongo. Dinkar, muuza tambuu wa langoni, alimwuliza kama mwezi ujao ataanza kusaga unga kwa jiwe. Jigisha akamjibu kwamba akipata jiwe zuri atamwita yeye Dinkar alizungushe, maana miguu yake imepumzika vya kutosha. Halafu bili ikaja, na Parimal akaifungua amesimama. Habari hiyo ilifika langoni kabla yeye hajaikunja.

Nalin hakutikisika. Umeme sawa, alisema, na maji je?

Hapo ndipo tangi lilipoingia. Kila nyumba ya kale hapa ina tangi chini ya ua, chumba kizima cha mawe na chokaa ambacho bibi zetu walikijaza mvua ya paa na kukinywea mwaka mzima. Mabomba yalipokuja tukayasahau matangi. Wengine wamemwagia saruji juu, wengine hawajui hata kifuniko kiko wapi. Jigisha alikisukuma cha kwao, akasimama uani na kioo cha kuvalia, akalishika jua na kulitupa humo ndani, kama walivyokuwa wakifanya wazee. Tulipanga foleni kuchungulia. Lilikuwa kavu, zima, halina ufa. Akashusha mafundi wakalipaka chokaa mpya, bomba la shaba la kutoka paani likasuguliwa mpaka likang'aa kama bangili.

Jumapili iliyofuata mimi nilikuwemo, nilikwenda kurudisha ungo. Nalin alisema tangi ni mchezo wa kuigiza, Jigisha akasema mchezo ni kunywa maji ya dumu huku mvua inapita mlangoni, Parimal akakubaliana na wote wawili. Ba alikuwa kimya, amekaa juu ya kitanda chake cha ghorofa ya pili, anamenya kitunguu saumu. Kisha akaweka kisu chini.

"Tangi likiingia maji ya Magha, nyumba hii haiuzwi mimi nikiwa hai," alisema. "Lisipoingia, Nalin, lete gari na huyo mtu wako wa hoteli."

Magha ni nyota, na siku zake za mvua ni hizo chache za Agosti, wiki mbili hivi. Mvua ya kabla yake inaosha, ya baada yake inachoka, lakini ya Magha ukiihifadhi gizani haiozi wala haitoi mdudu mpaka mwaka ugeuke. Wewe amini usiamini. Sisi maji mengine hatuyaingizi tangini.

Magha ikaingia, na mbingu ikakaa kama bati jeupe.

Kila asubuhi Jigisha alipanda kufagia paa na kuliosha kwa ndoo, akasugua pembe zote, akafuta hata vipande vya nyuzi za tiara vilivyobaki tangu sikukuu ya tiara ya Januari. Akimaliza, Ba alifungua dirisha lake, ambalo linatazama paa hilohilo, akamwaga ngano ya njiwa. Njiwa wakashuka wote wa mtaa, wakala, wakashukuru kwa namna wanavyoshukuru njiwa. Jigisha akapanda tena na ndoo. Alimwomba Ba kwa heshima kwamba nafaka ikamwagwe kwenye mnara wa kulishia ndege pale langoni, ndio kazi yake. Ba akasema mumewe aliwalisha pale miaka yote, na njiwa hawasomi kalenda ya nyota. Kesho yake akamwaga tena.

Jigisha hakukalika. Alikuja barazani kwangu, akakaa, akainuka, akaenda katikati ya kichochoro kutazama kipande cha mbingu, akarudi. Nilimpa dengu anisaidie kuchambua, nikakuta ametupa dengu na kuacha mawe. Dinkar alianza kupokea dau za vikombe vya chai, itanyesha, haitanyesha, na wengi walikuwa upande wa haitanyesha. Siku moja wingu jeusi lilikuja mpaka juu ya soko la Manek Chowk, tukanusa mvua kabisa, likageuka. Simu ya Jigisha ikalia. Alikuwa Nalin, anataka tu kumjulisha shemeji yake kwamba ng'ambo huku kunanyesha vizuri sana.

Basi mtaa ukaanza kusema, na nilisema nami, kwamba Ba anamhujumu mkwe wake. Nikaona nimwulize mwenyewe, ndivyo nilivyo. Nikapanda na bakuli la embe za achari, nikakaa chini karibu na kitanda chake, nikamsengenya kila mtu ninayemjua ili apate raha, halafu nikamwuliza habari za njiwa.

Ba akacheka kidogo. Akaniuliza kama nimewahi kupanda lifti ya kwa Nalin. Nikasema hapana. Akaniambia unasimama tu, Kapila, kama malkia, unabonyeza kwa kidole hivi, na ardhi inakuletea mlango. Kuna hekalu chini, kuna bustani yenye mabenchi, wazee wenzake wanakaa jioni wanacheza karata. Kisha akavuta sari yake juu kidogo, akanionyesha magoti. Yalikuwa yamevimba kama vitumbua.

"Tangu sikukuu ya rangi, miezi mitano sasa, sijafika mtaani," alisema. "Njiwa wale ndio wageni wanaonijia. Wewe mwenyewe umekuja leo kwa sababu ya umbea."

Nikamsogezea bakuli la achari. Akaniambia nisimwambie Jigisha, maana yule msichana ana moto wake na yeye hataki kuumwagia maji. Nikamwuliza, sasa wewe unataka tangi lijae au lisijae? Akarudi kwenye kitunguu saumu chake. Nikashuka zile ngazi zao, nyembamba, zimesimama kama za kupandia dari, na kamba ya kujishikia, na kwa mara ya kwanza nikazihisi.

Siri hiyo niliikalia. Ilinichoma kama kaa la moto. Nilimwona Jigisha akipita na ndoo yake, nikafungua mdomo, nikaufunga. Nyumba ile yote alikuwa ameipunguzia mzigo, umeme, gesi, maji, takataka, na ngazi hakuzikumbuka, kwa sababu yeye mwenyewe alizipanda akikimbia.

Siku ya mwisho ya Magha, Nalin alikuja kabla ya adhuhuri. Gari haliingii kichochoroni kwetu, akaliacha nje ya lango, akaja kwa miguu akijipepea na gazeti. Mbingu ilikuwa imeshuka chini, nyeusi, lakini ilishatudanganya mara nyingi mno. Alisema hana haraka, ila haraka ilikuwa imemkaa usoni. Ba alikuwa ameshafunga mzigo, mfuko wa nguo na kisanduku cha mungu wake mdogo wa shaba.

Jigisha alisimama chini ya ngazi kumpokea. Na pale ndipo alipoona. Ba alishuka akiwa amekaa, ngazi moja baada ya nyingine kwa makalio, kama mtoto, sari nyeupe imekusanywa magotini, anauma mdomo ili asitoe sauti. Ilichukua muda mrefu. Mimi nilikuwa mlangoni. Jigisha alikuwa amenyoosha mikono tangu mwanzo na ikabaki imenyooka hewani mpaka Ba alipoifikia. Akamwinua, akamshika kiuno, wakatoka hivyo mpaka langoni, polepole, na watu barazani wakanyanyuka kwa heshima.

Ba akaingia garini. Nalin akapapasa mifuko yake kutafuta ufunguo. Tone likaanguka juu ya kioo, kubwa kama sarafu. Likafuata la pili. Halafu mbingu ikaachia yote.

Jigisha aligeuka, akakimbia. Nami nikamfuata kwa mwendo wangu. Uani bomba la shaba lilishaanza kunguruma, linatapika maji ya kahawia kwenye mfereji wa kwenda mtaroni. Pale bomba linagawanyika mara mbili, njia ya mtaroni na njia ya tangini, na kizibo cha mti kilichoviringwa kitambaa ndicho kinachochagua. Ukihamisha kizibo mapema, umeingiza uchafu wote wa paa na umeharibu tangi zima. Ukichelewa, mvua inakuacha. Zamani kulikuwa na wazee wa kuonja kama paa limeshasafika. Aliyebaki mtaani anayejua kuonja alikuwa amekaa garini nje ya lango.

"Shangazi Kapila, sijui ni saa ngapi," Jigisha alisema. Maji yalikuwa yanamtiririka puani. "Sijui nahamisha lini."

Nikachukua bakuli la bati, nikakinga chini ya bomba, nikatoka mbio. Kichochoro kizima kilinitazama. Mimi si mwanamke wa mbio, na Dinkar aliuliza kwa sauti kama kuna moto au kuna harusi. Nikampita. Nikamfikia Ba kwenye dirisha la gari, nikampa. Akainua uso, akayamimina maji kutoka juu bila kugusa bakuli kwa mdomo, akayazungusha ulimini.

"Haya ni ya mawingu," alisema. "Umekimbia nayo wazi, njiani yamejaa mvua. Nataka maji ya paa, Kapila, si ya njiani. Funika."

Nikarudi. Safari ya pili nikafunika na sahani na juu ya sahani nikaweka pindo la sari. Ba akamimina, akatema nje ya dirisha papo hapo.

"Njiwa," alisema, bila kumtazama mtu.

"Njiwa wako, Ba," nikamwambia.

Nalin alikuwa ameshawasha gari. Alisema barabara zitajaa maji, daraja litasongamana, mama twende, mambo haya hayana mwisho. Na mvua kweli ilikuwa imeanza kupungua, unasikia kabisa jinsi ngoma ya juu ya mabati ya kibanda cha Dinkar inavyolegea. Nikarudi mara ya tatu huku kifua kinataka kutoka. Nilijua kitu ambacho Jigisha hakukijua. Nilijua habari ya kidole na lifti, na karata, na hekalu la chini. Neno "bado" lilitosha. Aseme bado mara moja tu, mvua ikatike, na hakuna mtu duniani angeweza kumwambia ulimi wake umesema uongo.

Akamimina. Akafumba mdomo na macho. Nilitazama koo lake, halikusogea. Nalin alikuwa anagonga usukani kwa vidole. Dinkar alikuwa amesogea karibu, karatasi ya dau za watu mkononi, amesahau hata kujikinga. Koo likashuka. Ba akanyoosha mkono kwa bakuli, akamimina yaliyobaki yote, akayameza.

"Mwambie ahamishe," alisema. "Upesi, Kapila, unangoja nini?"

Nikageuka kukimbia, miguu ikakataa. Basi nikapaza sauti pale pale. Dinkar akaipokea, akaitupa kwa fundi cherehani, fundi akaitupa kwa wasichana wa baraza ya kijani, ikaenda mdomo kwa mdomo mpaka ndani. Umbea wetu wa miaka yote, siku ile ulijilipia. Nilipofika uani nikihema kama punda, kizibo kilikuwa kimeshahama, na chini ya sakafu maji yalikuwa yanaanguka gizani kwa sauti nene, kama mtu anayecheka ndani ya mtungi. Parimal alikuwa amekaa chini kabisa kwenye maji, anasikiliza.

Mvua ilidumu mpaka maji yakafika jiwe la tatu la ukuta wa tangi. Hayakujaa. Kwa kunywa na kupika kwa nyumba moja, kwa mkono wa Jigisha, yanatosha.

Alirudi langoni amelowa mpaka mifupa, akafungua mlango wa gari, akainama kumgusa Ba miguu. Ba akamwekea mkono kichwani, kisha akamwambia Nalin kwamba nyumba haiuzwi, na yule mtu wa hoteli amsalimie. Nalin alizima gari, akakaa akitazama wipa iliyosimama katikati ya kioo.

"Mbona umezima?" Ba akamwuliza. "Washa. Nakwenda kwenye lifti."

Jigisha aliinua kichwa. "Lakini Ba, tangi limeingia maji. Ulisema."

"Nilisema nyumba haiuzwi, na haiuzwi. Magoti sikuyawekea nadhiri."

Jigisha alibaki ameshika mlango. Nilidhani atalia, au atamsihi. Alimwuliza jambo moja tu, kwamba yale maji ya mwisho yalikuwa na ladha gani, ili mwakani ajue. Ba akafikiri. Akasema hayakuwa na ladha yoyote. Ulimi ukikosa la kusema, ndiyo wakati wenyewe. Halafu akanitazama mimi, akasema Kapila hafai kwa kazi hiyo.

Basi akaenda. Mengine tunayapata kwa Nalin mwenyewe. Dengu za kwake hazilainiki, Ba anazisukuma pembeni kwa kidole, anasema amezoea dengu, si changarawe. Kwa hiyo kila Jumapili yule bwana aliyetaka kuuza anakuja na mtungi wa shaba, anainama uani na kuteka kwa kamba kwa mikono yake, anaubeba mpaka garini na kuufunga mkanda kwenye kiti cha mbele kama bibi harusi. Dinkar hukata tambuu yake vibaya kwa kumtazama.

Jigisha bado hakaliki. Kitanda cha Ba amekishusha chumba cha chini, kile kinachofunguka uani, ambacho enzi za mabati hakuna aliyeweza kulala kwa joto. Amekitandika, ametundika mkeka wa khas dirishani, amefunga fito ukutani za kujishikia mpaka msalani. Nafaka ya njiwa inamwagwa sasa uani, njiwa wanashuka humo, na paa bado analiosha vilevile. Kila Jumapili anamwuliza Nalin, na Nalin anajibu mama anasema atafikiri. Langoni watu wameanza tena dau za chai, na safari hii siwezi kukwambia wengi wako upande gani.

Jumapili iliyopita Nalin alikuja na swali. Alilitoa huku anafunga mtungi, kama mtu aliyetumwa kitu asichokielewa. Mama anauliza, kati ya kile kitanda cha chini na ua, kuna ngazi ngapi za kushuka?

Nilimtazama Jigisha. Iko moja, ya jiwe, ya enzi na enzi, wote tumejikwaa hapo.

"Mwambie hakuna," alisema.

Akaingia ndani, na kabla Nalin hajafika langoni na mtungi wake tukasikia nyundo.